Lori la Sebuleni

Kile kidude kiliingia kibandani kwangu kimefungwa kwenye taulo. Aliyekileta alikuwa mwanachuo mmoja mpole, kakishika kwa mikono miwili, akaniambia hakichaji. Nikamwambia kiache, uje kesho. Kusema kweli sikujua hata kinaitwaje. Ndivyo tulivyo mafundi: kwanza unapokea kazi, kujua utajua mbele ya safari.

Nina kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta hapa Morogoro mjini, si mbali na soko. Marehemu baba alikuwa akisema mimi ni mtoto wa kufungua vitu, na kwamba nisipoangaliwa nitafungua hata tabernakulo la kanisani nijue ndani kuna nini. Mama alikuwa anamkemea kwa kufuru hiyo, lakini hakusema kwamba ni uongo.

Basi nikakifungua. Kilikuwa na kioo katikati, na vitufe na vijiti vya kuongozea, kama vya kuchezea gemu, pande zote mbili, kushoto na kulia. Kosa lenyewe dogo: tundu la chaji limejaa vumbi, pini moja imelala. Nikaisimamisha, nikachomeka waya, kikawaka. Mtu mwenye akili zake angekizima hapo akakirudisha kwenye taulo. Mimi nikakitazama kikiwaka, na kabla picha hazijatokea nikaona mistari ya maneno meupe ikipita mbio kwenye weusi. Loo! Ile mistari naijua. Ni Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta.

Linux ninayoijua mimi ni ya watu wakavu, wanaokaa mbele ya kioo cheusi wakiandika amri siku nzima. Inafanya nini kwenye gemu? Kufumba na kufumbua, yakatokea magemu yamepangwa kwa picha kubwa kubwa, hakuna kipanya, hakuna kibodi, unaongoza kwa vidole tu. Nikafungua moja nijaribu. Mtu wangu kwenye kioo akaanguka mtoni, nikarudia, akaanguka tena. Hapo ndipo nilipogundua kwamba dole gumba la kushoto ndilo linalomtembeza, na la kulia ndilo linalogeuza macho yake, na bila yote mawili huendi popote. Nikaacha kucheza. Nikamkumbuka kaka yangu.

Kaka alikuwa dereva wa lori la mboga. Kabichi, karoti, njegere, kila kinachoota Mgeta, kwetu milimani, yeye amekiteremsha kwenda Dar. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kushoto. Mguu ulirudi kwa shida, akawa anatembea na fimbo, lakini mkono haukurudi. Ulikaa tu umelegea, unazidi kuwa mwembamba kila nikimtembelea. Dada wa mazoezi kule hospitali alituambia wazi, mimi na wifi yangu: mkono huu bado una uhai, lakini unataka kutumwa. Msipoutuma utalala moja kwa moja. Akampa kaka mpira wa kuminya.

Kaka alimwambia asante, na alipofika nyumbani akampa paka ule mpira.

"Nimeshika usukani wa lori kabla sijaoa," alisema. "Leo nikae niminye mpira? Mimi mtoto?"

Tulimsihi. Wifi alimsihi mpaka akaanza kulia, ndipo kaka akaacha hata kujibu. Alikuwa anakaa sebuleni kwake Bigwa, pazia limeshushwa, ule mkono kaufunika kwa kitenge cha mkewe utadhani ni kitu cha aibu. Hasira nilizokuwa nazo, Mungu anisamehe. Nilikuwa natoka pale nataka kumzaba kibao mtu mzima.

Sasa nikawa na swali, kwa ajili ya ule mkono wa kushoto: ule mfumo wa kwenye kidude unaweza kukaa kwenye kompyuta ya kawaida, kompyuta ikachomekwa kwenye TV ya sebuleni? Mwanachuo aliporudi sikumpa mali yake mpaka nimemhoji. Akacheka, akasema shangazi, inawezekana, wapo watu wanafanya, kuna mifumo ya aina hiyo unapakua bure kabisa. Bure! Nikampunguzia bei ya matengenezo kwa furaha.

Pale kibandani nilikuwa na kompyuta mbili kuukuu zilizotupwa na ofisi moja baada ya kununua mpya. Nikapakua mfumo, nikautia kwenye flashi, nikaiwasha ya kwanza. Kioo cheusi. Nikajaribu tena, nikabadilisha waya, nikaisema maneno ambayo siwezi kuyaandika. Cheusi. Nikasoma majukwaa ya mafundi wenzangu wa mbali mpaka macho yakawasha, nikajua kwamba ni kadi ya picha: zipo zinazopatana na Linux na zipo zinazonuniana nayo, na hiyo ilikuwa ya kununa. Kompyuta ya pili ilikuwa ya kadi ya aina nyingine. Ikakubali bila kelele, na ilipomaliza ikaenda moja kwa moja kwenye zile picha kubwa kubwa nilizoziona kwenye kidude. Kitu kilekile cha kiganjani, sasa kipo kwenye meza. Nilicheka peke yangu.

Lakini kilichonikosesha raha ni hiki: magemu yale mengi hayakuandikwa kwa ajili ya Linux. Yameandikwa kwa ajili ya ule mfumo mwingine ambao kila mtu anao. Yanaelewanaje na mwenyeji asiyejua lugha yao? Nikachimba. Kumbe katikati yupo mkalimani. Gemu linaomba kitu kwa lugha yake, mkalimani anakigeuza papo hapo, Linux inatimiza, na gemu halijui kama liko ugenini. Nilikumbuka hadithi za mama za mapadre wa kizungu kule mlimani, padre anahubiri na katekista amesimama pembeni anageuza kwa Kiluguru, na waumini wanalia mahali panapostahili. Jioni nzima nilikaa nikimvizia mkalimani wangu akosee. Alikosea mara moja tu, mvua ikanyesha ndani ya handaki.

Nikabeba mzigo mpaka Bigwa. Mama alikuwa ameshuka kutoka Mgeta kuja kumwangalia mwanawe, kakaa kwenye mkeka na rozari.

"Shikamoo mama. Shikamoo kaka."

"Marahaba," kaka akasema, macho kwenye waya zangu. "Umeleta nini tena?"

"Gemu la malori."

"Katuni."

"Sawa, katuni. Nachomeka kwenye TV yako, umeme nitalipa mimi."

Wifi akanipisha. Nikafunga kila kitu, nikaunganisha pedi ya gemu, ile ya kushika mikono miwili, kisha nikaiacha kompyuta ijisasishe, ipakue toleo jipya la mfumo, wakati mimi na wifi tunakula. Mara radi ikapiga huko juu milimani, mbali kabisa. Mama akainuka alipokuwa, akapita ukutani, akazima swichi moja baada ya nyingine. TV, friji, kompyuta, vyote.

"Mama!"

"Radi hiyo, mwanangu. Unataka tuungue?"

Nilishika kichwa. Kompyuta ukiikata katikati ya kujisasisha mara nyingi umeiua, ni sawa na kumwamsha mtu katikati ya upasuaji. Tukasubiri mvua ipite, nikawasha huku nimefumba jicho moja. Ikawaka. Ikawaka vizuri kabisa, utadhani hakuna aliyeigusa! Nikakaa chini pale pale kwenye sakafu kutafuta sababu. Kumbe mfumo ule una nakala zake mbili. Unapojisasisha unaandika kwenye ile isiyotumika, na ikiharibika unaamkia kwenye ile ya zamani. Waliotengeneza walijuaje kuhusu mama yangu?

"Umeona?" mama akasema. "Na ungeiacha ingeungua."

Niliporudi siku nyingine nikakuta wifi naye ameifanyia yake. Kompyuta ilikuwa imevikwa kitambaa cha kufuma, cheupe, kimekatwa vizuri kufanana na cha TV na cha makochi, kimeshuka mpaka chini. Inajizima yenyewe kila baada ya muda, wifi akaniambia, labda ni virusi. Nikagusa, moto kama pasi. Nilimweleza kwamba mashine hii inapumua kwa kule nyuma. Akasema lakini wifi, sebule itaonekanaje, kila kitu kimevaa halafu chenyewe kiko uchi? Tukapatana, kitambaa kidogo cha juu tu, mbavu ziachwe wazi.

Kaka wakati wote huo hakuwa amegusa pedi. Nikasema potelea mbali, nitaendesha mwenyewe. Nikakaa kwenye kochi karibu naye, nikawasha lori, nikaingia barabarani. Jamani, mimi sijui kuendesha hata baiskeli. Nikagonga nguzo, nikapanda tuta, nikaingia kwenye mteremko na gia kubwa nikiwa nimekanyaga breki mfululizo.

Kaka akaanza kuhema.

"Punguza gia."

"Wapi?"

"Punguza gia, utachoma breki! Ee Mungu wangu. Shika upande wako! Huo si upande wako!"

Lori likabingirika. Nikalirudisha barabarani, nikabingirika tena. Sikuwa naigiza, ndivyo ninavyoendesha. Dereva hana adhabu kubwa kuliko kukaa karibu na asiyejua. Mara ya tatu akaninyang'anya pedi kwa mkono wa kulia.

"Lete hapa."

Nikafurahi, lakini furaha yenyewe ilikuwa fupi. Mkono mmoja hautoshi, akaniambia nimpangie kila kitu kulia. Na ule mfumo, kwa ubaya wake, unakubali: kitufe chochote unaweza kukihamishia kazi popote. Ningefanyaje, nimkatalie? Nikahamisha. Usukani ukawa dole gumba la kulia, mafuta na breki vitufe vya nyuma vya kulia, honi kitufe cha kulia. Akaweka pedi juu ya mto, akaendesha. Na akaendesha vizuri, kwa mkono uleule mzima. Ule mwingine ulibaki chini ya kitenge.

Wifi alinitazama kwa macho ya kuniuliza. Tumemletea dawa, naye amekunywa maji ya kumezea akaiacha dawa.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa mpaka nikaipata ramani ya milimani. Wapo wachezaji wanaotengeneza barabara zao na kuwapa wengine bure, na mmoja alikuwa ametengeneza njia nyembamba ya kupanda mlima, korongo upande mmoja, ukuta wa udongo upande mwingine, kona zimefumba. Haikuwa Mgeta, miti yake mingine kabisa, lakini kaka alipoiona aliketi wima.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, mama na rozari yake mkekani, wifi jikoni. Kaka akateremka taratibu na gia ndogo. Alipofika kwenye kona ya kwanza akasimama.

"Unasubiri nini?" nikamuuliza.

"Napiga honi, nasikiliza."

"Kaka, ni gemu. Hakuna mtu."

"Kwenye kona hakuna mtu mpaka umkute."

Njia ya Mgeta ndivyo inavyoendeshwa. Huoni anayekuja, basi kabla ya kona unapiga honi, unasikiliza kama kuna anayejibu, halafu ndiyo unaingia. Atakayepita bila honi atatukanwa mpaka sokoni. Kaka amefanya hivyo maisha yake yote, na mazoea yana taabu. Shida ikaja: dole gumba lilelile la kulia ndilo lenye usukani. Akiliinua apige honi, usukani unajirudi. Akapiga honi, lori likaenda korongoni.

Akarudia. Akapiga honi, korongoni. Akasonya.

"Hamisha hii honi."

"Iende wapi?"

"Popote."

Nikafungua ile sehemu ya kupanga vitufe. Nilitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ningetafuta kwa moyo ningepata kanafasi upande wa kulia. Sikutafuta.

"Kulia kumejaa, kaka," nikasema. "Imebaki kushoto tu."

Akanigeuzia macho. Nilimsikia mama ameacha kunong'ona sala zake. Kaka alijua kabisa ninachofanya, si mjinga yule.

"Basi iache," akasema.

Akaendesha bila honi. Alifika kwenye kona, nikamwona anaminya midomo, akaingia nusu, kisha akashika breki. Lori likasimama katikati ya barabara, pua imeingia konani na mkia uko nje. Alikuwa anatoka jasho. Sebuleni kwake, kwenye kochi lake, mbele ya kona ambayo hakuna mtu atakayetokea kamwe, alishindwa kupita.

"Weka," akasema.

Nikaiweka honi kwenye kile kitufe kirefu cha nyuma cha kushoto, kinachovutwa kwa kidole cha shahada. Mfumo ule unakuwezesha kuchagua kivutwe kiasi gani ndipo kisikie. Nikakiteremsha mpaka mwisho, kiasi kwamba hata pumzi ingetosha. Kaka akafunua kitenge. Akaushika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, akauweka juu ya pedi, akakipanga kidole kimoja kimoja, kama mtu anayepanga mayai. Kisha akaurudisha mkono wa kulia kwenye kazi yake na kutazama mbele.

Injini ya lori inanguruma pole pole kwenye TV. Kidole hakikusogea. Mishipa ya shingo ilimtoka, na nilitaka kumwambia basi kaka, pumzika, lakini nilijibana. Nilikuwa nimemtega mwenyewe, nikaogopa. Je, kama hakuna kitu tena mle ndani? Kama umelala moja kwa moja, naye anagundulia hapa, mbele ya mama? Nilijuta kwa nini nilifungua lile taulo.

Honi ikalia.

Ilikuwa fupi sana. Wifi alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Nani amebonyeza?" kaka akauliza.

Niliinua mikono yangu juu aione. Mama akasema Mama Maria, Mama Maria, akarudia tu hivyo. Kaka hakutazama mtu. Aliinamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza kama kuna anayejibu, halafu akaingia kwenye kona, akatoka upande wa pili, lori zima. Mimi nililia. Sioni haya kusema, nililia mpaka kamasi.

Kona ya pili ilichukua muda karibu uleule. Ya tatu hakuweza, akangoja, akashusha pumzi, akaweza. Tangu hapo kila nikienda Bigwa nakipandisha kile kitufe kidogo, kivutwe zaidi kidogo ndipo kisikie, na yeye hajui, au anajua na ananyamaza. Dada wa mazoezi alipoambiwa alicheka kwanza, kisha akaniomba nimwandikie jina la huo mfumo. Anasema mkono hautakuwa kama zamani, na tusimdanganye. Hatumdanganyi. Nami bado nina maswali yangu: nimesikia zipo pedi unazoweza kuzitengeneza mwenyewe, za vitufe vikubwa kama visahani, na mfumo unazipokea bila ubishi. Nataka kujua unazitambuaje.

Lakini ile Jumapili wali ulikuwa umeiva. Wifi akaleta jagi na beseni, akaanza na mama, kisha akanipitishia mimi, kisha akaenda kwa mumewe. Tangu augue alikuwa akitoa mkono wa kulia tu, na mkewe ndiye anayemwagia na kumsugua, naye anageuza uso pembeni mpaka iishe.

Kaka akakitoa kitenge mapajani, akakiweka kando. Akaunyanyua mkono wa kushoto kwa ule wa kulia, akaisogeza yote miwili juu ya beseni, mbele yetu sote, akaanza kuisuguanisha mwenyewe, pole pole. Wifi akamwaga maji mpaka jagi likaisha, na akabaki ameliinamisha vilevile.